Riziki na Malezi: Lipi Litangulizwe?

Bismillahi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Alitujia ndugu mmoja wa darasa letu baada ya swala ya Isha, naye ana jambo lililomlemea. Ndugu huyu ana umri wa miaka 36, ana mke na watoto watatu: mvulana wa miaka 7, msichana wa miaka 4, na mtoto mchanga ambaye hajaachishwa ziwa. Kwa miaka mingi alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Treni ya mizigo ilipoanza kazi mwaka 2018, na makontena mengi yakawa yachukuliwa moja kwa moja hadi Nairobi, kazi za makarani wengi wa mji huu zilipungua, naye akawa miongoni mwa walioachishwa. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, lakini si kila aliyepoteza nafasi yake aliipata tena. Tangu wakati ule ndugu yetu ameishi kwa vibarua, leo apata na kesho akosa.

Sasa, kwa rehema ya Mola, milango miwili imemfungukia katika juma moja. Mlango wa kwanza ni kazi ya kusimamia ghala katika mji wa Doha, kwa mkataba wa miaka 2, na akiisha kujilisha huko ataweza kuleta nyumbani shilingi 90,000 kila mwezi. Mlango wa pili ni kazi ya kuweka hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Mombasa, kwa mshahara wa shilingi 40,000. Kote wawili wamempa siku 10 atoe jawabu. Akatuuliza: "Sheikh, ipi katika kazi hizi mbili iliyo karibu zaidi na radhi za Mwenyezi Mungu?"

Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimjibu pale pale tukiwa tumesimama mlangoni mwa msikiti, viatu vi mkononi. Tulimwambia: "Nenda, ndugu yangu. Kuwatafutia watu wako riziki ni ibada, na miaka miwili si mingi." Akatushukuru akaenda zake. Tulipofika nyumbani hatukupata usingizi, kwani tulijua kuwa tumejibu mas'ala mazito kwa jawabu jepesi. Makala haya, basi, ni marejeo yetu. Twayaandika kwa sababu tunajua kuwa ndugu huyu si peke yake, na kwamba majumba mengi ya mji wetu, tangu Kisauni hadi Likoni, yana swali hili hili.

Yaliyotunyima usingizi ni haya. Baba yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisafiri kwenda Jeddah kufanya kazi mwaka 1984, nasi tulikuwa na umri wa miaka 3. Hakurejea kukaa ila mwaka 1997, tulipokuwa na miaka 16. Katika miaka ile 13 alikuwa akija kila baada ya miaka miwili, akikaa miezi miwili, kisha akirudi. Hatukulala njaa hata siku moja. Ada za masomo yetu, vitabu vyetu vya fiqhi na vya nahau, na kanzu tulizovaa kwenda kwa masheikh wetu, vyote vilitoka katika jasho lake. Atakayesema kuwa baba yetu alikosa wajibu wake, huyo amemdhulumu, na sisi ndio wa kwanza kumkanusha.

Lakini twakumbuka pia kwamba kila alipokuja alituletea viatu, na kila mara viatu vile vilitubana, kwani alivinunua kwa kipimo cha mguu aliouacha miaka miwili nyuma. Mama alitukataza kusema, tukavivaa siku ya Idi tukichechemea. Twakumbuka kuwa tulimpa mkono kama tunavyompa mgeni, na tulipotaka ruhusa ya kutoka tulimwendea mjomba ilhali baba yuko sebuleni ameketi. Alipokuwa mzee, siku moja alitutazama tukimfundisha mwanetu Sura ya Fatiha, akasema: "Mimi niliwalisha, wengine wakawalea." Hakuongeza neno, nasi hatukuwa na la kumjibu.

Mwenye kukumbuka haya hana ruhusa ya kusema "miaka miwili si mingi" huku ameshika viatu vyake mlangoni. Basi na tuliangalie jambo hili kwa utaratibu.

Asili ya kwanza ni kuwa kulisha ni wajibu, wala si ihsani. Maulamaa wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wameipima hata nafaqa ya mke kwa vibaba: mwenye wasaa vibaba viwili kwa siku, wa kati na kati kibaba na nusu, na mwenye dhiki kibaba kimoja. Tazama vipimo hivi. Havikumwambia mwenye dhiki atafute kwa kila njia mpaka afikie vibaba viwili vya tajiri. Kila mmoja amepewa kipimo cha hali yake, na haya ndiyo mafundisho ya Sura ya Talaka, ambayo yamtaka mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebanwa riziki yake atoe katika kile alichopewa, wala hakalifishwi zaidi ya hapo. Kwa hivyo wajibu wa kulisha una mpaka. Ukiisha kufikia kiasi cha haja kwa mujibu wa hali ya mtu, kinachozidi ni halali na huenda kikawa ni kheri kubwa, lakini si wajibu tena.

Asili ya pili ni kuwa kulea nako ni wajibu. Katika Sura ya Tahrim waumini wameamrishwa wajilinde na wawalinde watu wao na Moto, na hapana alinzaye kwa mshahara peke yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, akamtaja mwanamume katika watu wa nyumbani mwake, na mwanamke katika nyumba ya mumewe. Imamu Ghazali, katika Ihya, amemweleza mtoto kuwa ni amana mikononi mwa wazazi wake, na moyo wake ni safi, hupokea kila nakshi itiwayo. Na Ibnul Qayyim, katika kitabu chake kuhusu hukumu za watoto, amewalaumu kina baba waliowaharibu watoto wao kwa kuwapuuza na kuacha kuwafundisha. Hawa si watu wa zama zetu. Wote wawili walikufa zamani, wa kwanza mwaka 1111 na wa pili mwaka 1350, lakini mtu husoma maneno yao akadhani wamepita jana katika mitaa yetu.

Zikiwa ni wajibu zote mbili, mtu atafanyaje zinapogongana? Hapa ndipo elimu ya usuli inapotufaa, nayo si elimu ya kufungiwa katika vitabu. Maulamaa wameugawa wajibu mafungu mawili kwa upande wa wakati. Uko wajibu wenye wakati mpana, kama swala ya Adhuhuri: ukiisali mwanzo wa wakati ni sawa, na ukiisali katikati ni sawa. Na uko wajibu wenye wakati finyu, kama saumu ya Ramadhani, ambayo mchana wake wote umejaa, hapana nafasi ya kuisogeza. Kisha katika yaliyopita wakati wake, yako yanayolipwa kadha, na yako yasiyolipika: aliyekikosa kisimamo cha Arafa siku yake, hawezi kukisimama kesho yake akasema nimehiji.

Tukilitia swali letu katika mizani hii, twaona kuwa mali zaidi ya haja ina wakati mpana. Aliyekosa kujenga nyumba akiwa na miaka 36 huenda akaijenga akiwa na miaka 50. Lakini malezi yana wakati finyu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuwaamuru watoto kusali wakifika miaka 7, na katika madhehebu yetu mwisho wa kungoja balehe kwa umri ni miaka 15. Hii ni miaka 8 tu. Ndani ya miaka hii mtoto hujifunza udhu kwa kumtazama baba yake akitawadha, hujifunza ukweli kwa kumsikia baba yake akikiri kosa, na hujifunza kumheshimu mke kwa kuona mama yake anavyosemezwa. Baba aliye safarini kwa mikataba ya miaka miwili miwili, akipata likizo ya miezi miwili kila mkataba, katika miaka hiyo 8 atakaa na mwanawe miezi 8. Na miaka hii ikiisha, haina kadha.

Kadhalika, liangalieni jambo la wakala. Mali hupelekwa kwa mkono wa mwingine, na tangu mwaka 2007 ilipoanza M-Pesa, hata mkono hauhitajiwi, hufika kabla ya kumaliza kusema. Lakini kulea hakuna wakala aliye kamili. Bibi hulea, na mjomba hulea, na mwalimu wa madrasa hulea, nao wana thawabu zao. Lakini wote hawa humsaidia mzazi, hawakai mahali pake. Wako watakaosema kuwa simu za siku hizi zina picha, na baba aonana na watoto kila usiku. Twasema: hiyo ni neema, na lau baba yetu angalikuwa nayo badala ya kanda za kaseti alizotuletea kwa mikono ya wasafiri, tungalimjua zaidi. Lakini simu haimwamshi mtoto kwa Alfajiri, wala haimshiki mkono akivuka barabara kwenda msikitini.

Yako maneno mawili ambayo hutolewa kuwa ni hoja, nayo yataka jawabu.

La kwanza, husemwa: Nabii Ibrahim (A.S.) alimwacha mkewe na mwanawe mchanga katika bonde lisilo mmea. Ndiyo, aliwaacha, lakini kwa amri ya Mola wake, si kwa ajili ya ujira. Na alirudi, na tunajua kuwa kuta za Alkaaba zilisimamishwa na mikono ya baba na ya mwana pamoja. Na kama twataka mfano wa Nabii aliyefunga mkataba wa kazi, basi tumsome Nabii Musa (A.S.) katika Sura ya Qasas. Yeye aliajiriwa kwa miaka 8, na 10 kwa hiari yake. Muda ulijulikana tangu siku ya kwanza, naye aliishi palipo watu wake, na muda ulipokwisha alisafiri pamoja nao. Mkataba wenye mpaka, na mtu hakutengwa na ahali yake: huo ndio mfano.

La pili, husemwa: wazee wetu wa pwani walikuwa mabaharia, nao walisafiri wakaacha watoto. Hili nalo ni kweli. Lakini safari zile zilikuwa na pepo zake. Chombo kilikwenda Arabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na watu wa nyumbani walijua mwezi wa kungojea. Na imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipotambua taabu ya wake za askari, alimuuliza binti yake Hafsa ni muda gani mke aweza kumvumilia mume aliye mbali, kisha akawekea mpaka wa miezi kadhaa kukaa kwao vitani. Hao walikuwa katika jihadi, na bado walipewa muda. Sisi twakwenda kusimamia maghala, na twaongeza mkataba juu ya mkataba mpaka ndevu za watoto zaota.

Baada ya kuyafikiri haya tulimwita ndugu yetu siku ya tatu, tukamwambia: "Jawabu letu la kwanza tumelirudisha. Sasa tuambie, mkeo amesemaje?" Akanyamaza, kisha akasema: "Sikumuuliza, Sheikh. Nilisema nitamwambia tiketi ikiwa tayari."

Enyi ndugu zetu, hapa ndipo ulipo ugonjwa. Sura ya Bakara imeeleza habari ya kumwachisha mtoto ziwa, ikafanya jambo hilo liwe ni la kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Ikiwa kumwachisha mtoto maziwa kwataka shauri la wawili, je, kumwachisha mtoto baba yake kwa miaka miwili ni shauri la mmoja? Tukamwomba aje na mkewe, na mahali pa kukutania pakawa nyumbani kwetu, mbele ya mke wetu, ili mgeni apate kusema bila ya haya.

Tulimkuta ni mwanamke mwenye akili na utulivu. Yeye ni mwalimu wa chekechea, mshahara wake ni shilingi 15,000. Alikuja na karatasi, nasi twaitaja kwa idhini yao kwa kuwa ina mafunzo. Kodi ya nyumba 14,000; chakula 20,000; ada za shule na madrasa 9,000; umeme, maji na gesi 5,000; nauli 3,000; na akiba ya dawa 2,000. Jumla ni shilingi 53,000. Mshahara wa dukani na wake wa chekechea ukijumlishwa ni shilingi 55,000. Zinabaki 2,000. Kisha akasema: "Maalim, mimi simzuii mume wangu. Lakini nataka kujua aenda kwa ajili ya nini. Ikiwa ni deni, na tulihesabu deni. Ikiwa ni ghorofa, mimi na wanangu hatujamwomba ghorofa."

Deni lipo kweli. Ni shilingi 180,000, ambazo ndugu yetu alikopa kumwozea dada yake mwaka uliopita. Na alipotueleza zilikokwenda, tuliona kuwa sehemu kubwa ililiwa kwa siku moja, katika chakula cha wageni na mapambo ya ukumbi. Tumeandika mara nyingi katika kurasa hizi juu ya israfu ya harusi, na baadhi ya wasomaji wametuona wakali. Leo na waone: karamu ya mchana mmoja yataka kumwondoa baba katika nyumba yake. Mtoto hakualikwa katika harusi ile, na yeye ndiye atakayeilipa.

Hata hivyo deni ni jambo zito, na hatuwezi kumwambia mtu alidharau. Kwa mshahara wa Doha deni lote lingelipwa katika miezi 4. Kwa masazo ya shilingi 2,000 lingechukua miezi 90, yaani miaka 7 na nusu. Hii ni hoja yenye nguvu kwa upande wa safari, nasi tuliikubali. Lakini tukamwambia mambo mawili. Kwanza, deni huwa na wakati finyu au mpana kwa radhi ya mwenye deni. Na Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimehimiza mwenye dhiki apewe muhula. Je, umewaendea wadai wako? Pili, ikiwa deni hulipwa kwa miezi 4, na mkataba ni wa miezi 24, basi hiyo miezi 20 iliyobaki itanunua nini?

Akafikiri, akasema: "Kiwanja, na kuanza nyumba." Tukasema: hilo si ovu, kodi ya 14,000 kila mwezi ni mzigo, na mwenye kutaka dari lake mwenyewe halaumiwi. Lakini andika bei kamili. Tofauti ya mishahara hii miwili ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na kwa miezi 24 ni shilingi 1,200,000. Kwa upande mmoja wa mizani weka milioni moja na laki mbili; kwa upande wa pili weka mwana wako tangu miaka 7 hadi 9, na binti yako tangu miaka 4 hadi 6, na mchanga wako ambaye atasema neno lake la kwanza nawe hupo. Kisha utazame ni upande upi utakaoweza kuupata baadaye ukiukosa leo.

Hatukumwamulia. Tulimwambia awaendee wadai wake, kisha asali istikhara, kwani istikhara huja baada ya kushauriana na kuhesabu. Si kura ya mtu aliyefumba macho. Wadai wake walikuwa wawili. Mjomba wake, aliyemdai shilingi 120,000, alimwambia alipe atakapoweza. Mwenye duka, aliyemdai 60,000, alikubali kupokea 2,000 kila mwezi, na kwa hesabu hiyo atamaliza katika miezi 30. Siku ya tisa ndugu yetu alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi akasema nimekubali.

Hatusemi kuwa ametajirika, wala kuwa mambo yake sasa ni mepesi. Hana akiba, na mtoto akiugua zaidi ya zile 2,000 za dawa atakopa tena. Wako wanaomcheka barazani, wakisema kuwa amekalia mlango wa riziki. Sisi twasema kuwa amechagua kilichokuwa na wakati finyu, na kilicho na wakati mpana amekiacha mikononi mwa Mola wake.

Wala tusifahamike vibaya. Hatukuandika haya ili kuharamisha safari. Mtu ambaye kazi ya hapa haifikii haja za watu wake, au hana kazi kabisa, huyo kusafiri kwake huenda kukawa ni wajibu, na kukaa kwake barazani akisubiri ni dhambi, kwani yatosha mtu kupata madhambi kwa kuwapoteza wale anaowalisha. Baba yetu alikuwa katika fungu hili, na thawabu zake ziko kwa Mola wake. Lakini asafiriye na afunge nia kwa mpaka: aandike anachokwenda kukitafuta na kiasi chake, na akikipata arejee, wala asiwe kama mwenye kunywa maji ya bahari, kila anywapo kiu huzidi. Na yule anayebaki asidhani kuwa kubaki peke yake kwatosha. Kuna baba ambaye hajavuka kivuko cha Likoni, na watoto wake hawamjui: kutoka kazini huenda barazani, akila miraa na kuzungumza siasa hadi usiku wa manane, na arudipo wamelala. Huyo naye yuko safarini, na hata pesa za safari halitei.

Na mizani hii ni moja kwa baba na kwa mama. Wako dada zetu wauguzi na walimu ambao kazi zao mji wawahitaji, na wako waliokwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, wakalea watoto wa wengine huku wao wenyewe wameacha wachanga kwa bibi zao. Twasikia ndimi nyingi zikiwalaumu. Kabla ya kumlaumu mama aliyeondoka, tuuliza kwanza: baba wa watoto wale yuko wapi? Wengi wao ni waliotalikiwa, na mwanamume hatoi hata kibaba kimoja. Mahakama za Kadhi zipo, nazo zimetambuliwa na Katiba ya mwaka 2010. Mama na apeleke dai lake huko, na jamaa zake wamsindikize badala ya kumwambia aone haya. Kisha tuulize: zaka ya mtaa ule iko wapi? Mtaa uliomwacha mama asiwe na chaguo hauna haki ya kumhukumu kwa alichochagua.

Na wale wenye maduka na makampuni katika mji huu, wengi wao ni Waislamu, nao wana sehemu yao. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 imempa mfanyakazi mapumziko ya siku zisizopungua 21 kwa mwaka, imempa mama miezi 3 anapojifungua na baba majuma 2, yote kwa malipo. Tunajua waajiri wanaosali safu ya mbele na hawatoi haya. Mwenye kumpa karani wake ujira wa kutosha na kumwachia saa ya Magharibi akae na wanawe, huyo amesaidia malezi ya nyumba asiyoijua, na Mwenyezi Mungu amjua.

Basi, ewe ndugu msomaji, ukifunguliwa milango miwili, usiangalie upana wa mlango peke yake. Kaa na mwenzio uandike haja zako, kisha uandike matamanio yako katika karatasi ya pili, wala usichanganye karatasi hizi. Uulize katika kila kazi si mshahara tu, bali pia saa ya kutoka. Kisha ujiulize: katika haya nitakayoyaacha, lipi lina kadha, na lipi halina?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu riziki iliyo halali karibu na milango yao, awarehemu waliotulisha kutoka mbali, na atusamehe sisi tunaofutu kwa haraka. Amin.